Mnaoandika maktaba za Python: msituandikie "pandas>=1.0" kama hamjaijaribu!

Wakuu, hili limenikera na nalisema wazi.

Kuna maktaba moja (msimbo uliokwishaandikwa ambao wengine tunautumia) ya kutengeneza ripoti, jina naliacha. Inategemea pandas, maktaba ya kuchakata majedwali ya data, na kwenye orodha ya mahitaji yake wameandika pandas>=1.0. Hiyo ni ahadi: toleo lolote kuanzia 1.0, tumia bila wasiwasi. Nikaandaa seva mpya, pip (kisakinishi cha Python) ikavuta pandas ya sasa, usakinishaji ukapita bila onyo lolote. Mwisho wa mwezi mhasibu anafungua ripoti ya mishahara, anakutana na hiki:

AttributeError: 'DataFrame' object has no attribute 'append'

Watu wanasubiri mishahara yao, mimi nakesha nafukua msimbo wa mtu mwingine.

Na append, amri ya pandas ya kuongeza mistari kwenye jedwali, haikuondolewa kwa kushtukiza! Pandas walianza kuonya tangu toleo 1.4, Januari 2022, wakielekeza watu watumie concat badala yake. Wakaiondoa kwenye 2.0, Aprili 2023. Zaidi ya mwaka mzima wa maonyo. Ila hawa wa maktaba ya ripoti, majaribio yao yote yanaendeshwa kwenye toleo moja tu, la zamani, na maonyo wameyazima.

Na kikomo cha chini nacho ni uongo vilevile. Wanasema 1.0 inatosha, halafu ndani wanaita read_csv (ya kusoma faili za CSV) na chaguo la on_bad_lines, kitu kilichoingia kwenye 1.3. Mwenye 1.0 hafiki popote. Kwa hiyo hiyo ">=1.0" hakuna aliyewahi kuipima, si juu wala chini. Imeandikwa tu.

Wakati kazi yenyewe si ngumu hivyo. Tox, zana ya kuendesha majaribio, ipo miaka mingi: unaiorodheshea matoleo, kila toleo linapata mazingira yake, majaribio yaleyale yanapita kote. Ukitaka kujua kama kikomo chako cha chini ni cha kweli, uv (kisakinishi kingine cha Python) ina --resolution lowest-direct, inasakinisha matoleo ya chini kabisa uliyoyaruhusu. Endesha hayo kila wiki hata kama hujagusa msimbo wako, maana pandas haikusubiri wewe ndipo itoe toleo jipya.

Nimewaripotia. Jibu: "Shusha pandas iwe chini ya 2." Naishushaje, wakati maktaba nyingine kwenye mfumo huohuo inadai 2.0 kwenda juu? Hilo hawajanijibu mpaka sasa.