Kwa nini roketi ya Skylark ilidumu karibu miaka 50?

Msomaji wa Anga
Skylark, roketi ya utafiti iliyobuniwa Uingereza, iliruka mara ya kwanza Woomera, Australia, Februari 1957, na mara ya mwisho Esrange, kaskazini mwa Uswidi, Mei 2005, ikiwa safari yake ya 441. Haikuweza kufikisha chombo chochote kwenye obiti. Kwa nini basi haikuachwa mara satelaiti zilipoanza kuizunguka dunia?

Mwalimu wa Fizikia
Ndugu, jibu limo katika kimo. Puto za utafiti hupanda hadi kilomita 40 hivi, ilhali satelaiti ikishuka chini ya kilomita 150 huburutwa na hewa na kuanguka upesi. Tabaka lililo kati ya hapo halina chombo cha kulipima papo hapo isipokuwa roketi ipandayo na kushuka. Aidha, hewa hufyonza eksirei za Jua, kwa hiyo Chuo Kikuu cha Leicester kilizipima kwa vifaa vilivyopandishwa na Skylark.

Fundi Mitambo
Mimi huvutiwa zaidi na urushaji wake. Injini ya Raven, iliyotumia fueli yabisi, iliiinua roketi polepole mno, hata upepo ungeweza kuipotosha kabla haijapata kasi ya kuyawezesha mapezi yake kuinyoosha. Kwa sababu hiyo ilirushwa kutoka ndani ya mnara mrefu, ambao kule Woomera uliundwa kwa vipande vya akiba vya madaraja ya Bailey (madaraja ya chuma ya kijeshi yanayounganishwa kipande kwa kipande), na ambao uliinamishwa kwa kufuata upepo wa siku hiyo. Baadaye iliwekewa chini yake injini ya Cuckoo, iliyoisukuma kwa nguvu kwa sekunde chache tu. Kutumia vyuma vya daraja kurushia roketi ni werevu ninaouheshimu kuliko mitambo mingi ya gharama.

Msomaji wa Anga
Nashukuru. Je, miaka ya mwisho nayo ilikuwa ya kupima hewa?

Mwalimu wa Fizikia
La, si hiyo tu. Kuanzia 1977 Wajerumani waliitumia huko Esrange katika mpango wa TEXUS, kwa kuwa injini ikishazimika vifaa hukaa takriban dakika 6 katika hali ya kukosa uzito, muda unaotosha kuyeyusha metali ndani ya tanuri dogo na kuiacha igande tena. Skylark ilipokwisha, TEXUS ilihamia kwenye roketi ya VSB-30 kutoka Brazili.