Mjadala: Barabara ya Rironi–Mau Summit, tuilipie mara ngapi?

Mwenye mada

Tangu Rais Ruto azindue ujenzi wa barabara ya Rironi–Naivasha–Nakuru–Mau Summit, njia kuu ya kutoka Nairobi kwenda magharibi mwa Kenya, tarehe 28 Novemba 2025, naona watu wamejipanga pande mbili, wa kushangilia na wa kulaani. Mimi barabara naitaka. Anayepita njia hiyo Desemba na bado anauliza kama inahitaji kupanuliwa, huyo hupita na ndege.

Kwa asiyefuatilia: ni kilomita 175, gharama iliyotangazwa ni shilingi bilioni 170 hivi, wajenzi ni kampuni za Kichina, China Road and Bridge na Shandong Hi-Speed, na hazina yetu ya uzeeni, NSSF, imeingia kama mshirika. Pesa zao zitarudi kwa ada ya kupita. Bei ya kuanzia iliyotajwa ni shilingi 8 kwa kilomita kwa gari dogo, ikipanda asilimia 1 kila mwaka. Rironi hadi Mau Summit, basi, ni shilingi 1,400. Hiyo ni kwenda tu.

Sasa twende kwenye pampu. Kila lita ya petroli au dizeli imebeba shilingi 25 za ushuru wa kukarabati barabara. Zilikuwa 18 mpaka Julai 2024. Gari la kilomita 10 kwa lita litachoma lita 17 na nusu kwa safari hiyo, kwa hivyo dereva ameshatoa kama shilingi 440 kabla hajaona kizuizi cha ada. Na sisi wa umri fulani tunakumbuka vituo vya kulipia barabara vya miaka ya themanini na tisini. Pale Gilgil jina la Toll lingali linatumika, ingawa hakuna anayetoza. Vituo vile viliondolewa baada ya sheria ya 1993 kuleta ushuru wa mafuta. Ndiyo yalikuwa mapatano: lipia kwenye mafuta, barabarani upite bure. Sasa tunaambiwa tulipie kote kuwili.

Msimamo wangu: ada nitalipa, mradi kuwe na njia ya lami ambayo asiye nacho anapita bila kulipa. Na hapo ndipo pagumu, kwa sababu mradi umezoa pia ile barabara ya chini, Rironi–Mai Mahiu–Naivasha, kilomita 58. Ile iliyochongwa ukingoni mwa Bonde la Ufa na wafungwa wa vita wa Kiitalia. Zote mbili zikilipiwa, mwenye pikapu ya kabeji apite wapi? Apande Njabini azunguke Ol Kalou ndio atokee Nakuru?

Dereva wa trela

Mkubwa, hesabu yako nimeielewa lakini ngoja nikuonyeshe nyingine. Kwenye barabara hii hii, ule mteremko wa kutoka Sachangwan kushuka Salgaa, mzigo wa sukari nyuma, breki zikianza kunuka unajua uko peke yako na Mungu. Kuna wenzetu wanaoweka gia huru waokoe dizeli kidogo ya kuuza, na hao ndio wametumaliza. 2009 pale pale Sachangwan lori la mafuta lilianguka, watu wakaja na mitungi kuchota, moto ukawaka, zaidi ya mia wakafa. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, Migaa, basi na lori uso kwa uso: 36 wakafa.

Baadaye wakaweka ukuta wa zege katikati ya barabara. Zege tu, hakuna la ajabu. Tangu hapo ukilala kwenye usukani unakwaruza ukuta, humfuati mtu upande wake. Sasa mimi nikisikia barabara nzima itagawanywa katikati mpaka Rironi, hiyo ada mnayoililia naona ni maneno ya watu wa gari dogo.

Na foleni je? Mwezi wa kumi na mbili pale Kinungi gari moja dogo linachomoka kwenye laini, la pili linafuata, nusu saa upande wa wanaokuja umejaa safu tatu na hakuna anayesonga, wa kwenda wala wa kurudi. Unazima injini unalala kwenye kebini. Mwenye mzigo anapiga simu, yeye hajali Kinungi ni wapi.

Mama Viazi, Soko Mjinga

Mwanangu dereva, pole na kazi. Lakini na sisi mtuangalie. Mteja wangu ni mtu aliyeona gunia la viazi akiwa anapita, akapunguza mwendo, akaegesha, tukabishana bei, akaondoka na karoti ambazo hata hakuwa amepanga. Barabara ya kulipia huwa na uzio na sehemu maalumu za kuingilia na kutokea. Akishapita mlango wa mwisho, mpaka atakapotoka tena amesahau kama viazi vipo duniani. Watu wa nyama choma wa Kikopey nao waanze kufikiria mapema.

Wakija wakubwa wanatuambia kutajengwa vituo vizuri vya kupumzikia. Haya. Nafasi ya kuuzia kwenye vituo hivyo atapewa nani, mimi au hoteli kubwa? Hilo ndilo ningetaka liandikwe kabla tingatinga halijafika kwetu.

Mhasibu mstaafu

Mnabishana kuhusu bei ya leo. Bei ya leo ndiyo ndogo kuliko zote mtakazoziona. Tazameni Expressway ya Nairobi, kilomita 27, iliyofunguliwa 2022 chini ya mkataba wa miaka 27. Shilingi ilipoporomoka mbele ya dola, Januari 2024 ada ya gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands ikaruka kutoka 360 hadi 500. Msafiri hakuongezewa hata mita moja. Kwa hivyo swali la kwanza kwa hii mpya ni kama ada imefungwa kwa shilingi au kwa dola. Hiyo asilimia 1 kwa mwaka ni pambo ikiwa kuna kifungu kingine cha sarafu.

La pili ni nani anabeba hasara magari yakikosekana. Hii barabara iliwahi kupewa Wafaransa, Vinci na wenzao, mkataba ukatiwa saini Paris mwaka 2020 wakati wa Rais Uhuru Kenyatta, wa miaka 30. Serikali iliyofuata ikauona ghali, tena hatari ya magari kupungua ilikuwa imetupiwa serikali. Ukavunjwa, na kuvunja mkataba wa aina hiyo si bure, tulidaiwa fidia. Mara hii ndani ya chungu kuna NSSF. Mimi pensheni yangu natoa hapo. Magari yakija, vyema sana, mwekezaji wa ndani ni jambo zuri na nimelitaka miaka mingi. Yasipokuja, anayekula hasara ni fundi wa Eldoret anayekatwa mshahara kila mwezi na huenda hata gari hana.

Waweke mkataba mezani, kurasa zote, pamoja na viambatisho. Huwa viambatisho ndiko kunakofichwa mambo.

Kijana wa Molo

Kwani reli haipo? Mizigo ipande treni barabara ipumue.

Dereva wa trela

Reli ya kisasa imeishia Suswa tangu 2019, kijana. Kutoka hapo mzigo mwingi unarudi mgongoni kwangu.

Mwenye mada

Mzee mhasibu umenigusa penyewe. Ndugu dereva, mimi ukuta wa katikati sijaupinga, na vifo hivyo vilitosha kujenga barabara hii miaka kumi iliyopita. Ninachosema ni kwamba usalama wa Salgaa hauhitaji mtu wa Njoro akose njia ya bure. Kama ile ya Mai Mahiu lazima iboreshwe, iboreshwe kwa ushuru wa mafuta tunaolipa tayari na iachwe wazi. Ama sivyo, anayelipa ada arudishiwe ule ushuru wa lita alizochoma.

Mhasibu mstaafu

Arudishiwe na nani? Shilingi 7 kati ya zile 25 zimeshawekwa rehani ili zipatikane bilioni 175 za kulipa madeni ya wakandarasi. Bilioni 175, angalia vizuri, karibu sawa na bei ya barabara hii nzima. Ushuru huo hautapungua, umeshatumika. Pigania njia ya bure, hiyo inawezekana. Na pigania ada ya malori ipimwe kwa uzito wa kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, kwa maana ekseli iliyozidishwa mzigo ndiyo inayokula lami, gari dogo kama Probox halina hatia hiyo.

Dereva wa trela

Ekseli tena! Mzee, hiyo tutabishana usiku, sasa hivi niko kwenye foleni ya mizani Mlolongo na mbele yangu kuna kumi na mbili.