Mwenyekiti wa kijiji kajiuzulu, vijana wanataka kuandamana kwa furaha. Tuanzie wapi?

Mgebuka:
Wakuu, salaam kutoka Kigoma vijijini. Mwenyekiti wa kijiji chetu, aliyekuwa akilaumiwa kugawa ardhi kinyemela na kutosoma mapato na matumizi, kaandika barua ya kujiuzulu. Kijiji kimegawanyika. Vijana wanataka kuandamana na ngoma mpaka ofisi ya kata, wazee wanasema yaishe kwa kuwa mtu keshaondoka, wengine wanadai kafanyiwa siasa. Kundi la WhatsApp ninaloliongoza ni matusi kutwa. Maandamano yanaruhusiwa? Na hesabu tunamdai nani sasa? Muhuri bado anao.

Karani Mstaafu:
Muhuri bado anao halafu mnawaza ngoma? Anzeni na muhuri.

Aliyejiuzulu akibaki nao anaweza kuugonga kwenye mkataba wa kuuza shamba na kuandika tarehe ya mwaka jana. Baadaye anatokea mnunuzi na karatasi yenye muhuri wa kweli na tarehe ya kipindi ambacho mwenyekiti alikuwa madarakani, nanyi hamna cha kumwonyesha.

Mtendaji wa kijiji aitishe halmashauri ya kijiji haraka, wajumbe wachague mmoja wao aongoze kikao, kisha makabidhiano yafanyike kwa orodha: muhuri, daftari la mihtasari, daftari la fedha, vitabu vya stakabadhi, mikataba, cheti cha ardhi ya kijiji, ramani, rejista ya ardhi, funguo. Vitabu vya stakabadhi viandikwe kwa namba ya kwanza na ya mwisho. Kuandika "vitabu vitatu" tu hakusaidii, kurasa huchanwa katikati. Kwenye daftari la mihtasari, pigeni mstari chini ya neno la mwisho, tarehe na sahihi za waliopo, na kila nafasi tupu kati ya kikao na kikao ifutwe kwa mkwaju wa kalamu. Humo ndimo "maamuzi ya zamani" huzaliwa. Nakala ya makabidhiano iende kwa mtendaji wa kata, mkurugenzi wa halmashauri na baraza la ardhi la kata. Kama alikuwa mtia sahihi wa akaunti ya kijiji, benki nayo ipelekewe muhtasari wa kumwondoa siku hiyohiyo.

Mchikichi:
Kwenye ardhi niongeze. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo kila eneo lenye mgogoro litafutiwe mihtasari miwili, wa halmashauri na wa mkutano mkuu, pamoja na orodha ya mahudhurio. Ukikosekana wa mkutano mkuu, hapo mna hoja. Ila msing'oe mipaka wala kufyeka mazao ya mtu, maana kesi itageuka na walalamikaji mtakuwa washtakiwa.

Reli ya Kati:
Nipo Tabora. Kuhusu maandamano: taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Na hapo kwenye madhumuni ndipo mtakwama. "Kushangilia kuondoka kwa mtu" ni sababu nyepesi, na msafara ukipita mlangoni kwa ndugu zake mtapigana. Hizo nguvu zipelekeni kwenye mkutano mkuu. Kisheria unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, na kila mwenye miaka 18 anaingia.

Dagaa Mkavu:
Samahani wakuu, mbona mnamhukumu? Kujiuzulu si kukiri kosa. Huenda kachoka na maneno.

Karani Mstaafu:
Kweli ndugu, na ndiyo maana hesabu zikaguliwe. Mwaka 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, kwa hiyo kila raia alikuwa na maandishi ya kubishania. Kijijini kwenu barua imetangulia ripoti. Mkinyamaza, wanaomtetea na wanaomlaani watabaki kubishana hewani.

Mgebuka, dai la hesabu halimfuati mtu, linabaki ofisini. Mwandikieni mtendaji wa kijiji mkitaja robo za mwaka wa fedha mnazotaka (zinaishia Septemba, Desemba, Machi na Juni) pamoja na taarifa ya benki ya kipindi hichohicho, kwa kuwa daftari la fedha peke yake laweza kuandikwa upya. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa siku 30 kujibu. Mkiona dalili za wizi, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, simu ya bure. Kujiuzulu hakumzuii mtu kushtakiwa.

Mchikichi:
Na hilo kundi, lifunge kwa muda, viongozi wa kundi pekee waandike. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu taarifa za uongo. "Hesabu za robo fulani hazijasomwa" andikeni, "fulani mwizi" hapana.

Mgebuka:
Ahsanteni sana. Moja limebaki: barua kamwandikia katibu wa chama chake, nakala kwa mtendaji. Inatosha?

Reli ya Kati:
Mjadala huohuo ulizuka Januari 2022 Spika Job Ndugai alipojiuzulu: barua kwa Katibu Mkuu wa CCM, nakala kwa Katibu wa Bunge. Msiingie huko. Aombwe barua nyingine, hata ya mistari minne, kwa halmashauri ya kijiji kupitia mtendaji, nakala kwa mkurugenzi, yenye sahihi yake na tarehe ya kuanza. Mtendaji aigonge "imepokelewa" na kuandika saa. Bila hiyo anaweza kurudi akasema alikiaga chama tu, na uchaguzi mdogo ukakwama kwa kuwa hakuna karatasi inayoonyesha kiti kiko wazi.