Kwa nini Jane Austen aliuza Pride and Prejudice kwa pauni 110 tu?

Mdau wa Riwaya
Habari wakuu. Riwaya ya Sense and Sensibility (1811) ilimwingizia mwandishi Mwingereza Jane Austen pauni 140, na hakimiliki ikabaki mkononi mwake. Kitabu kilichofuata, kinachopendwa kuliko vyote, alimuuzia mchapishaji Thomas Egerton moja kwa moja kwa pauni 110. Alipunjwa kwa kuwa ni mwanamke? Naomba hesabu.

Karatasi na Wino
Mkuu, anza na tarehe. Aliuza Novemba 1812, lakini zile 140 anazitaja kwenye barua ya Julai 1813, nakala zilipokwisha. Siku anauza hakujua kama kitabu cha kwanza kingelipa. Alitaka 150, Egerton akaishia 110.

Sense and Sensibility ilitoka kwa kamisheni: gharama za karatasi, uchapaji na matangazo ni za mwandishi, mchapishaji anasambaza na kukata fungu lake. Vitabu vikidoda, deni ni la mwandishi. Kaka yake Henry ameeleza kwamba Jane alitenga akiba ya kufidia hasara. Kuuza hakimiliki kulimwondolea mzigo huo, ila Egerton akatoa toleo la pili mwaka uleule wa 1813 na la tatu 1817, na Jane hakupata hata peni.

Bi. Maktaba
Bei ilifuata jina. Mwaka 1814 wachapishaji Longman waliafiki kumlipa mwandishi Frances Burney pauni 1,500, kwa awamu, kwa toleo la kwanza la The Wanderer. Mwandishi mwingine, Maria Edgeworth, alipata 2,100 kwa Patronage. Hao walishajulikana. Vitabu vya Austen vilitoka bila jina lake. Cha kwanza kiliandikwa tu kwamba ni cha bibi mmoja.

Uanamke ulibana kwenye sheria. Mapato ya mke yalikuwa mali ya mumewe, hadi sheria za 1870 na 1882 zilipobadilisha mambo. Austen hakuolewa, kwa hiyo fedha zilikuwa zake.

Mdau wa Riwaya
Shukrani. Na zile pauni 450 alizotaka kumpa mchapishaji mwingine, John Murray, Jane alikosea kuzikataa?

Karatasi na Wino
Kwa fedha alizozishika akiwa hai, ndiyo. Mwaka 1815 Murray alitaka hakimiliki tatu kwa 450: Emma, Mansfield Park na Sense and Sensibility. Jane akachagua kamisheni. Emma ikachapwa nakala 2,000, na kufikia Oktoba 1816 faida ilikuwa pauni 221, shilingi 6 na peni 4. Kisha Murray akakata hasara ya toleo la pili la Mansfield Park: pauni 182, shilingi 8 na peni 3. Jane akabakiwa na pauni 38, shilingi 18 na peni 1. (Pauni ilikuwa shilingi 20, shilingi peni 12.)

Toleo hilo la pili ndilo lililomponza. Herufi za risasi zilipangwa kwa mkono, na kazi ikiisha zilibomolewa zitumike kwingine. Kuchapa upya kulimaanisha kupanga kila ukurasa tena na kununua karatasi tena, wakati wanunuzi wengi walishapata toleo la kwanza.

Bi. Maktaba
Naongezea: mwaka 1832 mchapishaji Richard Bentley alinunua hakimiliki za riwaya tano kutoka kwa Henry na dada yao Cassandra kwa pauni 210. Ya sita, Pride and Prejudice, ilimbidi ainunue kwa warithi wa Egerton.