Pakiti zinapotea kwenye waya na kwenye waifai pia, naombeni msaada (Busia)

WakalaMpakani
Habari za mchana wadau. Nimekwama, naomba mwenye ujuzi anishike mkono.

Niko kwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda. Tuna faiba, rauta iko chumba cha mbele, kuna swichi ya mtandao (kisanduku cha kuunganisha waya za kompyuta) ya matundu manane, kompyuta tano za waya, halafu simu na laptopu kadhaa za waifai. Hii ni wiki ya pili mtandao unakatika-katika. Haujazima. Taa za rauta ni za kijani, na ukipima kasi unapata ileile tunayolipia. Lakini ukipiga simu ya WhatsApp sauti inamezwa, na ukituma hati kwenye ASYCUDA, ule mfumo wa forodha wa mtandaoni, duara linazunguka weee mpaka unatolewa nje uanze upya. Jana dereva aliyetoka Mombasa na kontena alikaa kwenye benchi letu masaa matatu. Hati yake ilikuwa tayari mbele yangu, inagoma tu kupanda. Niliona aibu kumwangalia.

Kinachonichanganya ni hiki: nilidhani ugonjwa ni wa waifai, nikachomeka waya kwenye laptopu, hali ikawa ileile. Nimepiga ping (kutuma pakiti, yaani vipande vidogo vya data vya majaribio, na kusubiri majibu) kwa 8.8.8.8, seva ya Google, mara 200, zimerudi 171. Fundi wa kampuni alikuja, akapima mwanga wa faiba, akasema laini ni nzima, akaondoka. Usiku baada ya saa mbili panatulia kabisa.

Kawempe_Boy
Badilisha chaneli ya waifai mkuu. Kwenye masafa ya 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11, maana hizo tatu ndizo hazipandiani. Mpakani hapo kila duka lina rauta yake, lazima mnagongana.

NyotaYaJinja
Mimi nadhani ni kebo za baharini. Mnakumbuka Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika, Afrika Mashariki nzima ilivyohangaika? Sisi hatuna pwani, kila kitu kinapitia kwa majirani.

FundiMbale
Dada Jinja, hilo lilitokea kweli, ila hatujui bado kama pakiti za ndugu yetu zinafika hata nje ya mlango wa ofisi yake. Na Kawempe, chaneli haiwezi kueleza kwa nini waya nao unapoteza.

Wakala, usianze na 8.8.8.8. Hiyo iko mbali, na katikati kuna vituo vingi; pakiti ikipotea huwezi kujua imepotelea wapi. Anza nyumbani. Kwanza zima waifai kwenye laptopu, usiiache iwake wakati waya umechomekwa. Windows ikiona njia mbili huchagua moja, kwa kawaida waya, lakini mazungumzo yaliyokwisha kuanza kwenye waifai yanaweza kubaki hukohuko. Utadhani unapima waya kumbe unapima mchanganyiko. Kisha fungua dirisha la amri uandike:

ping -n 200 192.168.1.1

au anwani yoyote ya rauta yako. Hapo unapima kutoka mezani kwako mpaka chumba cha mbele tu. Zikirudi zote 200, ugomvi wako ni na kampuni. Zikipotea hata kumi, kampuni muache kwanza, mwizi yuko ndani. Ukimaliza, chomoa waya, washa waifai, kaa karibu na rauta, rudia.

WakalaMpakani
Nimefanya sasa hivi. Kwa waya mpaka kwenye rauta: 200 zimekwenda, 174 zimerudi. Muda unaruka, mara chini ya milisekunde 1, mara 640. Kwa waifai: zimerudi 166. Kumbe nilimlaumu yule fundi bure.

Kawempe_Boy
Basi rauta imekufa. Waombe kampuni nyingine mpya.

FundiMbale
Subiri kwanza, tusizike mtu anayepumua. Chomoa swichi kabisa. Laptopu moja, waya mmoja, moja kwa moja kwenye rauta. Pima tena.

WakalaMpakani
200 kwa 200! Nimerudia mara mbili, hakuna iliyopotea. Kwa hiyo ni swichi?

MzeeWaArua
Mwanangu, kuna neno ulilisema mwanzoni watu wakalipita. Ulisema usiku baada ya saa mbili panatulia. Wengi hudhani ni kwa sababu watu wamelala na laini imepata nafasi. Lakini ping yako inapotelea ndani ya ofisi, na ndani ya ofisi laini ya nje haihusiki. Niambie, saa mbili usiku huwa mnazima nini?

WakalaMpakani
Asante mzee. Tunafunga stoo ya nyuma, mlinzi anashusha swichi ya umeme ya huko. Kule kuna taa, feni, na ripita ya waifai tuliyoweka ili karani wa stoo apate mtandao.

MzeeWaArua
Hiyo ripita inapata mtandao kwa waya au kwa hewa?

WakalaMpakani
Kwa hewa. Ngoja nikaangalie.

WakalaMpakani
Nimerudi. Mzee, ina waya pia! Karani anasema aliona kebo imelala ukutani haina kazi, akaichomeka nyuma ya ripita "iongeze nguvu". Mwisho wa pili wa kebo hiyo uko kwenye swichi yetu, tundu la sita. Sikuwahi kuufuatilia.

FundiMbale
Hapo hapo! Umetengeneza duara. Rauta inazungumza na ripita kwa hewa, ripita inarudisha kwa waya kwenye swichi, swichi inarudisha kwenye rauta, rauta inarusha tena hewani. Kuna pakiti zinazotumwa kwa kila mashine, kama ile ya kuuliza "nani ana anwani hii?" Hizo hazina kikomo cha safari kwenye mtandao wa ndani, kwa hiyo zinazunguka na kuzidi kuongezeka. Ndiyo maana waifai ilikuwa imejaa takataka.

Na waya uliumia kwa njia nyingine. Swichi hukariri kila mashine iko tundu gani. Duara likishakuwepo, pakiti ya kompyuta yako inatoka mbele, inazunguka hewani, inarudi kupitia tundu la sita. Swichi inaamini umehama. Jibu lako linapelekwa stoo. Sekunde inayofuata unatuma kitu, inakurudisha mezani, halafu inakuhamisha tena. Swichi kubwa za ofisi huweza kugundua duara na kulifunga, hizi ndogo za bei nafuu kwa kawaida haziwezi.

Chagua moja. Waya ukiwa tayari upo, nakushauri waya: ingia kwenye mipangilio ya ripita, iweke itumike kama kituo cha waifai kinachokula kwa kebo, iache kabisa kudaka rauta kwa hewa.

WakalaMpakani
Kabla sijaigusa nilisimama mbele ya swichi niangalie. Taa zote zilikuwa zinapepesa kwa pamoja, haraka, kama zinatetemeka. Nilipochomoa tundu la sita zikatulia, kila moja ikashika mwendo wake. Wiki mbili nilikuwa napita hapo kila asubuhi!

Ripita nimeibadilisha kama ulivyosema. Kompyuta nne ni safi, waifai safi. Ila moja, ya mhasibu, bado inapoteza nne au tano katika 200. Kebo yake nimeipima kwa kile kifaa cha taa nane, taa zote zinawaka kwa mpangilio.

FundiMbale
Angalia rangi ndani ya kichwa cha kebo, kile cha plastiki kinapitisha mwanga. Zimepangwaje?

WakalaMpakani
Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-buluu, buluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili sawa.

FundiMbale
Inapendeza machoni lakini si sahihi. Pini ya 3 na ya 6 lazima ziwe waya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa sababu ule msokoto ndio unaozuia kelele. Kwako ya 3 ni ya kijani na ya 6 ni ya buluu, watu wawili wasiojuana. Kifaa cha taa nane hakioni kosa hili, kinaangalia kama umeme unafika tu. Kata vichwa, panga hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, na hakikisha ganda la nje limeingia ndani ya kichwa likabanwa.

WakalaMpakani
Nimekaza vichwa viwili upya. Ping 1000 kutoka kwa mhasibu mpaka rauta, zimerudi 1000. Nikapiga 8.8.8.8 mara 1000, imepotea moja.

Leo asubuhi hati tatu zimepanda kabla dereva hajamaliza chai. Fundi, Mzee, Mungu awabariki. Karani wa stoo naye nimemwonyesha taa za swichi zinavyotakiwa kuonekana, na kebo zote sasa nimezifunga karatasi yenye jina la chumba, huku na huku.