Santuri ya marehemu Babu

*Kikundi: Ukoo wa Shangani*

Zuhura, 1:50 usiku: Asalaam alaykum wanafamilia. Jumatatu Rahma anasimama mbele ya darasa kueleza wimbo wa Bohemian Rhapsody ulivyopatikana. Leo hii nataka mawili: anayejua kitu aandike, na ile santuri ya marehemu Babu ipatikane. Ami Nassor, iko kwako?

Zuhura, 2:15: Naona tiki za buluu tu. Haya, naanza mie. Freddie Mercury, Farrokh Bulsara kwa jina la wazazi, kazaliwa hapa hapa Unguja 5 Septemba 1946. Wimbo katunga yeye, bendi yake Queen wakautoa Oktoba 1975. Dakika sita kasoro sekunde tano.

Hamadi, 2:17: Kwenye taarabu dakika sita mwimbaji hajashika hata maiki 😂

Mwinyi, 2:17: 😂😂 violini ndo kwanza zinakazwa

Zuhura, 2:19: Hamadi tafadhali. Waliambiwa mrefu mno, hakuna redio itakayoupiga. Kenny Everett wa Capital Radio pale London akaupiga mara 14 ndani ya siku mbili! Ukakaa namba moja Uingereza wiki 9.

Salma (Maskati), 2:41: Asisahau zile sauti. Unadhani kwaya nzima, kumbe watatu tu: Freddie na wenzake wa bendi, Brian May na Roger Taylor. Wanarekodi juu ya walichokwisha rekodi, tena na tena, mpaka utepe ukalika, ukiuinua kwenye taa mwanga unapita.

Hamadi, 2:44: Na ile Bismillah mle ndani ina maana gani?

Zuhura, 2:45: Mwenyewe hakukubali kueleza maana ya wimbo mpaka anafariki 1991. Rahma asibuni. Ami Nassor, santuri?

Mwinyi, 2:46: Jumapili nani anapika?

Ami Nassor, 3:30: Santuri sinayo. Ilitoka kwangu harusi ya Salma, ikarudi kava tupu. Nilisema siku ile, nikaitwa mkorofi.

Salma, 3:32: Yale yale Ami? Ufunguo wa kabati alikuwa nao nani?

Zuhura, 3:33: Jamani, mtoto anasubiri.

Khadija, 3:50: Namwandikia Bibi, haya maneno yake: "Wacheni santuri. Rahma aseme na hili. Kijana yule kaondoka hapa na wazee wake 1964, baada ya Mapinduzi, ana miaka 17. Mwaka ule kila nyumba yetu inaujua. Sisemi ndiyo maana ya wimbo. Lakini mtu aliyeihama kwao hivyo, akiita mama ndani ya wimbo, mimi huzima redio nikakaa kimya. Nassor, Salma, nimewasikia nyote wawili."

Zuhura, 4:05: Tumesikia Bibi.

Ami Nassor, 4:40: Kesho baada ya alfajiri nitafungua lile sanduku la juu. Siahidi.

Zuhura, 4:41: Shukrani Ami. Jumatatu nani anampeleka Rahma? Hamadi, gari?

Salma, 5:10: Ami, ukiipata nipigie mimi kwanza.