Tundu la jicho limeziba, mbona mama bado anaona mistari imepinda?

BintiShangani
Habarini wakuu, nauliza hasa kwa waliopitia hili. Mama yangu ana miaka 63, tupo naye hapa Mtwara mjini. Mwaka juzi alianza kulalamika akimtazama mtu uso hauoni, anaona masikio na kofia tu, katikati kuna kiwingu. Sisi tukajua shida miwani, tukamnunulia za mnadani, ikapita kama mwaka na nusu hivi. Kufika Dar ndo tunaambiwa kuna tundu katikati ya pazia la jicho, ule utando wa nyuma unaopokea picha, pale wanapopaita makula. Wakamtoa ule ute wa ndani ya jicho, wakajaza gesi, akalala kifudifudi mkekani siku 5 ili gesi iegemee tundu, hata uji tunampa na mrija. Daktari akasema tundu limeziba vizuri.

Sasa ni miezi 8. Nyuso anaziona, ila msahafu kwa jicho hilo hausomi, mistari inapinda kama nyoka, na mwezi huu anasema kama kuna moshi mbele yake. Wajomba nao washaanza maneno, eti hela ya korosho ya msimu mzima imeishia kwenye jicho ambalo halioni. Je ndo mwisho wake hapo au kuna kupona zaidi?

MzeeMchinga
Binti yangu pole, na mama mpe pole. Mimi nlifanyiwa hiyo hiyo mwaka wa 4 sasa. Kuziba ni jambo moja na kuona ni jingine, hili mimi sikuambiwa mpaka nlipouliza mwenyewe. Miezi mitatu ya kwanza nlikata tamaa kabisa, maana gesi ilipokua inaisha naona mstari kama wa maji kwenye chupa unashuka kila siku, nikajua ukifika chini nitaona kama zamani, wapi! Ikaja polepole, mwaka mzima na zaidi, leo unaona herufi kubwa, baada ya miezi unaona za simu. Kwenye ubao wa herufi nlianzia 6/60, yaani naona kwa mita 6 kile mwenye macho mazuri anaona kwa mita 60, saivi nipo 6/12. Lakini mlango kwangu mpaka leo una kitumbo kidogo katikati nikifumba lile jicho lisilougua. Nimeshazoea, nikifumbua yote mawili sikioni.

Na hao wajomba waambie kabla ya 1991 madaktari walikua hata hawaamini kama tundu hili linazibika, ndo mwaka huo Wamarekani wakatoa ripoti ya kwanza. Bila operesheni asingeona hizo nyuso.

nesi_macho
Dada, huo moshi usiuchanganye na tundu. Mtu wa umri wa mama akishatolewa ute, mtoto wa jicho huja haraka, wengi ndani ya miaka miwili, na huyo anatolewa kwa operesheni ndogo. Tena wengi ukungu ukishatoka ndo wanagundua tundu lilipona kuliko walivyodhani. Mpeleke akapimwe.

Ila nisikudanganye, mwaka na nusu ni mrefu. Tundu dogo lililowahiwa ndani ya miezi 6 hurudi vizuri, likikaa sana zile chembe za kuonea zinakua zishachoka hata likiziba. Atapanda bado, ila maandishi madogo ya msahafu kwa jicho hilo peke yake usimwahidi.

Jicho la pili nalo lilinde, linaweza kupata. Chukua daftari la hesabu la viboksi, weka nukta katikati, afumbe jicho moja atazame nukta, kila wiki. Viboksi vikipinda upya asisubiri msimu. Na akiona vimulimuli, au kivuli kama pazia linashuka, hiyo ni siku hiyohiyo.

Newala_juu
Samahani nadandia uzi. Baba mdogo kawekewa gesi wiki iliyopita Dar, anataka apande ndege hadi Mtwara halafu aje huku kwetu Newala. Kuna shida?

nesi_macho
Ndege HAPANA kabisa mkuu!! Gesi inatanuka ukipanda juu, presha ya jicho inapaa, maumivu makali na jicho linaweza kufa. Basi la pwani hiyo barabara iko chini haina neno, ila mlima wa kuja Newala asipande mpaka daktari wake amwambie, ukanda wa Makonde upo juu mno kwa jicho lenye gesi. Kuna gesi inaisha wiki 2 au 3, nyingine inafika miezi miwili, aulize kawekewa ipi. Akae Mtwara kwa ndugu. Na akitaka kupasuliwa chochote aseme ana gesi, kuna dawa ya usingizi ya kuvuta hairuhusiwi.

BintiShangani
Asanteni sana, shikamoo mzee Mchinga. Nimechukua daftari la mwanangu usiku huu, jicho la kushoto viboksi vimenyooka, la kulia lililopasuliwa anasema vitatu vya katikati vimebanana ila juzi vilikua vingi zaidi, sijui anatania. Jumatatu tunaenda kliniki kwa huo moshi. Mtoto analia anataka daftari lake.